Masuke Meupe

Kiherehere ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona masuke yamekuwa meupe, na kwa kuwa yeye ni Kiherehere, jua halijapanda vizuri kikundi kizima kilikuwa na habari. Alipita nyumba kwa nyumba akihema, kilemba kimelegea, viatu kavisahau. "Njooni na mundu. Shamba langu limeiva. Limeiva kabla ya yenu yote." Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minane, mke wa fundi cherehani na mama wa watoto wawili wa shule, lakini asubuhi hiyo ungesema ni msichana aliyenunuliwa viatu vipya.

"Kuiva wiki tatu kabla ya wakati?" aliuliza mama mkwe wake kutoka jikoni, bila kuinua macho kwenye sufuria. "Hata mimba ya mbuzi ina hesabu yake."

"Nilipanda mapema, mama. Anayewahi kupanda si ndiye anayewahi kuvuna?"

"Haya. Mdomo ni wako."

Kikundi chenyewe kilikuwa cha watu kumi na tisa, kila mmoja na kishamba chake bondeni, vimepangana ubavu kwa ubavu. Hawakulima mahindi wala maharage. Walizalisha mbegu za majani ya ng'ombe, zile nyasi ndefu za malisho ambazo wafugaji huzitafuta kama dawa. Mwanzoni mwa msimu kila mwanachama alikabidhiwa kopo moja la mbegu teule, na sheria ilikuwa moja tu: mbegu hiyo inapandwa yote, haiuzwi, haibadilishwi. Atakayekiuka ananyang'anywa shamba na kufutwa jina. Kiherehere alikaa miaka miwili kwenye orodha ya kusubiri kabla ya kupewa kopo lake, na huo ndio ulikuwa msimu wake wa kwanza.

Kwa hiyo fundi alifunga kibanda chake akamfuata mkewe bondeni, akitabasamu, maana furaha ya mwanamke yule ilikuwa inaambukiza. Mama mkwe naye akafuata nyuma kwa fimbo. Walipofika walikuta watu wameshazunguka shamba, na kweli lilikuwa linapendeza: mabua ya kijani kibichi, na juu yake masuke meupe yanayumba kwa upepo, shamba zima.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Hakuna mundu unaoingia shambani kabla mwenyekiti hajachuma suke la kwanza, akalipukusa kwenye kiganja, akapuliza makapi, akahesabu kwa sauti mbegu zilizobaki. Mwenyekiti alikuwa mtunza ghala mstaafu, na kazi hiyo aliipenda kuliko chakula. Akakunja mkono wa shati. Akashika suke la kwanza, akavuta.

Suke likachomoka bila ubishi, kama sindano kwenye kitambaa. Alilitazama kidogo, akalipukusa, akapuliza. Kiganja kikabaki kitupu.

"Chuma jingine," Kiherehere alisema haraka. "Hilo bovu."

Akachuma jingine. Likachomoka vilevile. Akapuliza, kiganja kitupu. La tatu, la nne, la kumi. Kufikia la kumi, mwanamke mmoja mwenye shamba la mwisho alicheka puani kisha akajifanya anakohoa.

"Hii siyo mbegu niliyokukabidhi," mwenyekiti alisema.

"Ndiyo hiyohiyo."

"Nami nimepanda hiyohiyo. Langu lile pale, tumepakana, tunatenganishwa na njia ya mguu. Udongo mmoja, mvua moja. Langu ni la kijani na linaanza kushika punje. Lako ni makapi matupu. Nieleze."

"Sijui, mwenyekiti."

"Mimi nadhani najua. Kopo lako lilionekana sokoni. Ulionekana unatoka nalo kwa muuza mbegu."

"Nilimpelekea aone."

"Aone nini?"

"Aone mbegu. Aone kwamba na mimi nimepewa." Alisema kwa sauti ya chini, maana alijisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa yanatoka. "Nilizunguka nalo soko zima. Muulizeni mtu yeyote."

Watu wakacheka. Ilikuwa kweli tupu, na yeyote anayemfahamu Kiherehere angejua kwamba hilo hasa ndilo angelifanya, lakini siku hiyo ukweli ulivaa nguo za uongo na hazikuukaa vizuri. Mwenyekiti hakucheka. Alipangusa kiganja kwenye suruali, polepole, kidole kimoja kimoja, na jambo hilo lilimuuma Kiherehere kuliko kicheko.

"Lisemwalo lipo," alisema. "Kesho kutwa mkaguzi wa mbegu anakuja. Atatazama, atasema. Akishasema, tutapiga kura kuhusu shamba hili. Mundu zirudi nyumbani."

*

Jioni hiyo nyumbani kila chombo kilikuwa na kelele. Watoto walikula bila kugombana, jambo ambalo halijawahi kutokea, kisha wakajiondokea. Fundi alikuwa amekaa mlangoni akishona pindo la sketi ya mtu, pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wa pini, akamtazama mkewe.

"Tuko wawili tu hapa."

"Ndiyo."

"Niambie mimi peke yangu. Sitakugombeza, wala sitamwambia mtu. Uliiuza?"

Kiherehere alizoea kujibu hata maswali aliyoulizwa jirani. Alikuwa amejiandaa kwa mwenyekiti, kwa mkaguzi, hata kwa yule mwanamke mwenye kikohozi cha uongo. Kwa huyu hakujiandaa. Miaka kumi na tano alimwachia mwanamume huyu pochi, funguo, na usingizi wake. Akainuka, akachukua sahani, akaenda kuziosha. Zilipotakata aliziosha tena.

*

Asubuhi alishuka bondeni peke yake. Hakuwa na mundu wala jembe, na hakuwa na la kufanya. Aliingia katikati ya shamba akakaa chini, magoti kifuani, nyasi zikamfunika kichwa. Pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukaa nusu saa bila kuinuka kutafuta kitu. Alilia kidogo, akajifuta, akaendelea kukaa kwa sababu hakuona sababu ya kwenda popote.

Ndipo alipoona bua limejongea.

Siyo bua lote. Ni kiasi cha nusu ukucha cha bua, chini kidogo ya suke. Kijani juu ya kijani. Kilipanda taratibu, kikasimama, na ndipo akaona kina miguu, na vipembe viwili vyembamba vilivyo virefu kama mwili wenyewe. Mdudu. Mdudu mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo, rangi ileile ya bua. Kiherehere hakupumua. Mdudu akakunjua mrija kutoka chini ya kichwa kama mtu anayefungua kisu cha mfukoni, akauchomeka kwenye bua, akatulia kunywa.

Akasogeza mkono. Mdudu akazunguka upande wa pili wa bua, akapotea. Akachungulia upande wa pili, naye mdudu akarudi upande wa kwanza. Walicheza hivyo mara nne, kama mtoto anayejificha nyuma ya mama yake mgeni akija.  Kiherehere alitazama bua la pembeni. Mwingine. La tatu, wawili. Akishatulia anawaona, akijitikisa wanapotea, na sasa alielewa kwa nini yeye, mtu wa kupita shambani kama upepo, hakuwahi kuwaona siku zote hizo.

Alikimbia mpaka kibandani kwa fundi. "Njoo. Njoo sasa hivi. Acha hiyo sketi."

Fundi alikuja. Alikuja kwa hatua zake nzito za kila siku, akiyasukuma mabua kwa mikono yote miwili, akisema, "Wapi? Wapi?" Aliinama, akakodoa macho, akageuza majani. Hakuona kitu.

"Kaa chini. Tulia."

Alikaa. Baada ya dakika tano akapiga chafya. "Mke wangu," alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi, "twende nyumbani ukapumzike."

Hakwenda kupumzika. Alikamata mmoja kwa shida, akamtia kwenye kiberiti, akampeleka kwa mwenyekiti aliyekuwa barazani na wanachama watatu. Alipofungua, mdudu alikuwa amekufa na amebaki na miguu minne.

"Huyu?" mwenyekiti alisema. "Huyu ndiye aliyemaliza shamba zima?"

"Wako wengi."

"Tulikuwa watu kumi na tisa jana, na macho thelathini na nane. Hatukuona hata mmoja."

"Thelathini na saba," alisema mmoja wa wale watatu, aliyekuwa na chongo, na wote wakacheka mpaka mmoja akashika ubavu. Kiherehere alifunga kiberiti chake. Kilipomponyoka, mwenyekiti alikiokota akamrudishia, kwa adabu, kama unavyomrudishia mtoto kichezeo chake.

*

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama mkwe alisema jioni aliposimuliwa. "Lakini nguo lazima uikung'ute ndipo kianguke."

Kiherehere aligeuka. "Umesemaje, mama?"

"Nimesema methali. Kila mtu anaijua."

"Hapana. Hiyo ya kukung'uta."

Walitazamana. Kisha Kiherehere akaanza kuzunguka chumba, akishika hiki na kuacha kile. Gunia lilikuwa jeusi. Mkeka una rangi nyingi. Vitambaa vya fundi vilikuwa vya watu. "Kitu cheupe," alikuwa anasema, "kikubwa, cheupe, kisicho na ua." Na macho yake yakatua kwenye sanduku la mama mkwe.

"Usithubutu," mama mkwe alisema.

Ndani ya sanduku lile kulikuwa na shuka jeupe la harusi yake mwenyewe, la miaka arobaini na sita, ambalo hata alipojifungua hakulitandika. Watoto wa nyumba hiyo walikatazwa hata kuliota.

"Mama, nakuomba."

"Litaingia uchafu wa majani. Hautoki."

"Nitalifua mpaka litoke."

 Mwanamke mzee akatoa ufunguo ulioning'inia shingoni. "Nisikilize. Sikupi kwa sababu nakuamini. Ungekuwa mwizi ungekuwa mwizi wa kwanza kuzunguka soko zima akionyesha alichoiba, lakini mambo ya dunia hayana mwisho. Nakupa kwa sababu nataka kuona kwa macho yangu."

*

Mkaguzi alikuja kwa pikipiki, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira na mkoba wa turubai. Aliwakuta kumi na tisa wote, na fundi, na mama mkwe aliyeletewa kigoda. Mwenyekiti alimweleza kwa ufasaha, akimwita mheshimiwa kila baada ya maneno matano. Mkaguzi alipukusa suke moja, akalitupa.

"Mbegu haipo," alisema. "Hili siwezi kulipitisha. Mama, una neno?"

"Nina shuka," alisema Kiherehere.

Walicheka, lakini alikuwa ameshalitandaza chini ya mstari wa mbele. Akashika mabua kwa mafungu, akayainamisha juu ya shuka, akayapiga kwa fimbo ya mama mkwe. Pa, pa, pa. Watu wakasogea, wakakanyagana, wakainama.

Umande ukaanguka. Makapi yakaanguka. Chungu mmoja alivuka shuka kwa haraka zake. Basi.

Mwanamke wa shamba la mwisho alikohoa. Fundi aliangalia viatu vyake. Kiherehere aliinamia shuka. Kisha akamwona yule chungu anavyohangaika kwenye unyevu, miguu inanata, akaelewa.

"Majani yamelowa," alisema. "Wameng'ang'ania. Tena mmekuja wote kwa kishindo, wameshuka chini kwenye mashina. Naomba mtoke shambani. Wote. Naomba tusubiri umande ukauke."

"Mheshimiwa ana kazi nyingine," mwenyekiti alisema.

Mkaguzi alitazama saa, akatazama lile shuka, akamtazama mwanamke aliyelileta. "Nusu saa," alisema.

Wakatoka, wakasimama njiani. Na Kiherehere akasimama peke yake ukingoni mwa shuka, mikono chini, bila kusogeza hata kidole. Waliomfahamu walisema baadaye kwamba hilo peke yake lingetosha kuwa ushahidi. Jua lilipanda. Nyasi ziliacha kumeta. Upepo mdogo ulipita, masuke yakayumba, yakatulia. Ndani ya mwanamke yule kila kitu kilikuwa kinakimbia, kinapiga kelele, kinataka fimbo; nje alikuwa kama nguzo. Dakika ya ishirini na nane akanyanyua fimbo, akavuta mabua kwa upole kama mtu anayemfunika mtoto, akapiga mara tatu.

Shuka likageuka kijani.

Walianguka kama mchele unaomwagwa: wembamba, wa kijani, wakubwa na wadogo, wenye mabawa na wasio na mabawa, wakatapakaa kila upande kutafuta mahali pa kujificha, na pa kujificha hapakuwapo. Akavuta fungu la pili, akapiga. La tatu. Sasa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Hesabu, mwenyekiti," alikuwa anasema. "Si unapenda kuhesabu? Hesabu."

Mkaguzi alikuwa ameshapiga magoti, lenzi jichoni, ametupa mkoba. Alimchukua mmoja, akamgeuza. "Mfyonzaji," alisema, na sauti yake ya ofisini ilikuwa imepotea. "Mfyonza nyasi. Nimewasoma darasani, sijawahi kuwaona wengi hivi. Njooni mtazame. Anachoma hapa, chini ya suke, kabla punje haijajaa. Suke linakufa kwa juu, linakuwa jeupe, bua linabaki zima. Ukilivuta, linachomoka bila nguvu. Si lilichomoka?"

"Lilichomoka," mwenyekiti alisema polepole.

"Basi mbegu ilikuwa nzuri. Ingekuwa mbovu hata suke lisingetoka. Mama huyu alipanda mapema, akatoa masuke mapema, wadudu wakaanza kwake. Kwake wameshamaliza." Aliinua kichwa, akatazama bonde. "Sasa wanahamia kwa wengine."

 Mwenyekiti, mtunza ghala mstaafu ambaye hajawahi kuonekana akikimbia, alivua koti lake jipya, akavuka njia, akalitandaza chini ya nyasi zake mwenyewe na kuzipiga kwa kiganja. Walimwona anainama. Walimwona anabaki ameinama.

Na hapo bonde likachachamaa. Watu walikimbilia mashamba yao na chochote walichokuwa nacho, vitambaa vya kichwani, mashati, mifuko ya unga iliyogeuzwa ndani nje. Kila upande ilikuwa ni pa, pa, pa, na mtu anaita, "Kwangu wapo," na mwingine, "Kwangu bado wachache, pembeni tu." Yule mwenye chongo alipiga kelele kwamba anaona kumi na wawili kwa jicho moja, wenzake wenye mawili waseme. Mkaguzi alikuwa anakimbia kutoka shamba hadi shamba akiagiza. Palipokuwa peupe pakatwe leo hii, chini kabisa, mabua yatolewe nje, kwa sababu mayai yamo ndani ya mabua. Palipokuwa kijani pangeokoka wakiwahi. Na Kiherehere alikuwa mbele yake kila alikokwenda, shuka begani, akionyesha watu jinsi ya kusogea, jinsi ya kunyamaza, jinsi ya kushika bua bila kulishtua. Hakuna aliyemwambia apunguze haraka.

Shamba lake mwenyewe alilikata mwenyewe. Msimu wote, bua kwa bua, ulilala chini kuwa majani ya ng'ombe. Ilimuuma, na hakuficha kwamba ilimuuma.

Mwenyekiti alimfuata alipokuwa ananyoosha mgongo. Alisafisha koo. "Kikundi kimeridhika kwamba shamba linabaki mikononi mwa mwanachama huyu, na kwamba msimu ujao atapewa kopo jingine."

"Kikundi au wewe?"

Alitazama pembeni. Shati lake lilikuwa limejaa makapi. "Na mimi," alisema. "Nilikukosea, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Kiherehere, papo hapo, kabla mwenyekiti hajamaliza. Na alimaanisha.

Fundi alikuwa amemaliza kuwaeleza watu watano kwamba yeye alijua tangu mwanzo, kwamba mke wake huyo hawezi kugusa hata punje ya mtu. Alikuja, uso umejaa furaha, akashika upande wa pili wa shuka ili wakung'ute na kukunja. Wakalikung'uta. Wakalikunja mara moja, wakasogeleana. Mara ya pili, wakasogeleana zaidi. Lilikuwa na madoa ya kijani ambayo yangechukua wiki kutoka. Vidole vyao vilipokutana, furaha ikamtoka fundi usoni, akakumbuka.

"Juzi jioni," alisema. "Lile swali. Sikupaswa kukuuliza."

"Hukupaswa."

"Umenisamehe?"

Alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Nyuma yao watu walikuwa bado wanaitana kutoka shamba hadi shamba. Mwanamke huyu alipanda kabla ya wote, alifurahi kabla ya wote, na alimsamehe mwenyekiti kabla huyo hajamaliza kuomba.

"Bado," alisema, akachukua shuka mikononi mwa mumewe, akampelekea mama mkwe.